Orodha ya Mwalimu na Vidole vya Dobi

3 Machi

Mwalimu amenipa daftari hili leo asubuhi, tayari amelipiga mstari mwekundu pembeni kama la mtoto wa darasa la nne. Anasema msafiri huandika. Nimemwambia bado sijasafiri. Amesema maandalizi ni nusu ya safari, na jambo lisiloandikwa halijaandaliwa. Mwalimu ni mke wangu. Mtaa mzima unamwita hivyo, na mimi nilishajiunga na mtaa zamani.

Basi naandika. Mimi ni dobi, mwaka wa thelathini na nane sasa. Nina chumba cha mbele chenye makarai manne na meza ya pasi, na ua wa nyuma wenye kamba sita. Mwalimu alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, akastaafu mwaka jana. Kiinua mgongo chake anakitakia jambo moja tu: twende ng'ambo, mbali kaskazini, tukaone mto wa barafu. Nilimwambia barafu ipo kwenye friji ya muuza soda, tena jirani. Akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyekosea jibu rahisi. Huu ni mto mzima ulioganda, umejaza bonde, na anasema unatembea. Kila mwaka aliuchora ubaoni. Mwaka mmoja msichana wa dawati la nyuma akamuuliza, "Mwalimu, wewe umeuona ukitembea?" Akasema hapana. Darasa halikucheka. Anasema bora lingecheka.

Tunaondoka tarehe 9 Juni. Mwakani haiwezekani, kwa sababu ya macho. Mwalimu ana presha ya macho. Katikati anaona vizuri, lakini pembeni kunafunga kidogo kidogo, kama mtu anayetazama dunia kupitia bomba. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, na matone yanalinda kilichobaki kwa muda tu. Ngazi haioni mpaka aikanyage. Mtu anayemjia ubavuni hamwoni. Peke yake hawezi kusafiri, na mimi ndiye mkono wake.

Mvua imeanza leo. Nimeanua shuka kumi na mbili zikiwa zimelowa kuliko nilivyozianika.

5 Machi

Orodha imebandikwa ukutani sebuleni, karatasi kubwa ya kufundishia, mwandiko wa ubaoni. Nakala tatu za pasipoti: moja katika kila begi, moja kwa mtu anayebaki. Matone ya macho yakae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe yasiende kwenye begi kubwa, pamoja na barua ya daktari. Anwani ya malazi iandikwe kwenye karatasi, maana simu huisha chaji pale pale unapoihitaji. Nguo nyepesi nyingi za kuvaa moja juu ya nyingine ni bora kuliko moja nzito. Viatu vya safari vianze kuvaliwa leo, si siku ya safari. Na kila mtu abebe begi lake mwenyewe, apande nalo ngazi za jengo la posta mara tatu bila kupumzika. Kitakachomshinda kitoke begini.

Mtu anayebaki ni Breki, mdogo wake Mwalimu, shemeji yangu. Aliendesha malori miaka mingi mpaka mwenye lori akaliuza. Tangu hapo kazi yake ni kukalia kiti changu mlangoni. Waliompa jina hilo walisema ni kwa sababu ya mwendo wake barabarani. Mimi nasema ni kwa sababu husimama kabla ya kuanza.

6 Machi

Mvua.

8 Machi

Matembezi ya viatu yameanza. Saa kumi na mbili asubuhi, mzunguko wa soko mara mbili, Mwalimu ameshika kiwiko changu. Viatu vyangu vinauma kisigino. Mwalimu anasema bora viume hapa penye duka la dawa jirani.

Jioni niliongeza kitu begini: kamba ya kuanikia, ya nailoni, pima tano. Mtu hawezi kwenda mahali bila kamba. Mwalimu akaitoa. "Haimo kwenye orodha." Nikamwambia tutafua soksi. Akasema huko kuna mashine. Alipoenda kupika nikairudisha.

14 Machi

Leo naandika mengi kwa sababu nina hasira.

Pasipoti tunazo tangu mwaka jana, wakati ule walitaka dole gumba na wino basi. Ofisi ya viza inataka vidole vyote kumi, juu ya kioo cha mashine. Mwalimu aliweka vyake, mashine ikalia mara moja, taa ya kijani, kwisha. Chaki haili vidole. Nikaja mimi. Afisa alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole, ila kola yake imepigwa pasi kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, ndiyo maana ilikuwa na mikunjo miwili. Kola huanzia kwenye ncha. Nilinyamaza.

"Baba, weka vidole."

Nikaweka. Taa nyekundu.

"Futa, weka tena."

Nikafuta kwenye shati. Nyekundu. Akanipa kitambaa chenye dawa, akanishika mkono, akabonyeza yeye mwenyewe kidole kimoja kimoja. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Foleni ikaanza kukohoa.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Mimi dobi."

"Basi ndiyo hivyo. Sabuni imekula alama zote. Mashine inaona kama umeweka vijiko."

Alinigeuzia skrini nione. Mwalimu alikuwa na michoro kumi ya mistari iliyozungukana, mizuri, kama ramani zake za milima. Yangu yalikuwa madoa kumi meupe. Nilivitazama vidole vyangu kana kwamba ni vya mtu mwingine. Sijawahi kuona haya kwa kazi yangu, na leo niliona haya, na hilo ndilo linaloniuma.

Amenipa tarehe nyingine, 29 Aprili. Nisifue, nisiguse sabuni kali, nipake mafuta, mistari itarudi. "Isiporudi?" nikamuuliza. Akasema, "Tutaona." Bila viza hakuna safari, hata kama tiketi iko mkononi.

Tulipofika nyumbani binti yetu akapiga simu kutoka anakofanya kazi. Mwalimu akaweka spika. Binti akasema, "Baba, usinikasirikie. Mjomba ana viza ya nchi ile ile, alipewa mwenye lori alipomtuma kule kuchagua magari, bado haijaisha. Vidole vyako vikikataa, si aende yeye na mama?"

Breki alikuwa pale kwenye kiti. Alisikia kila neno. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, alitazama mvua. Kunyamaza kule sikukupenda hata kidogo.

15 Machi

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sitafua mpaka tarehe 29 Aprili. Sijawahi kukaa hata siku tatu bila kufua tangu nioe.

Tatizo ni nguo za watu. Nilitaka kufunga duka. Breki akasema kutoka kitini, "Nitafua mimi." Mwalimu akasema vizuri. Mimi sikuulizwa.

16 Machi

Nimemfundisha Breki. Kwanza mifuko, kila mfuko, hata wa shati. Kisha nyeupe mbali, za rangi mbali. Kola na vikwapa vifikichwe kabla ya kulowekwa. Kila mteja ana uzi wake wa rangi ndani ya kola, usiutoe. Alisikiliza kwa kutikisa kichwa. Watu wanaotikisa sana kichwa huwa hawasikii.

20 Machi

Shati jeupe la Wakili limekuwa la waridi. Sisemi kitu. Nilisema.

22 Machi

Mwalimu ametoa kidau chake cha wino wa muhuri. Kila siku ya nane nitabonyeza dole gumba la kulia hapa ukurasani tupime maendeleo. Leo: doa.

25 Machi

Mvua. Ua umejaa maji. Nguo zinakaukia ndani juu ya vichwa vyetu, tunakula chakula cha mchana chini ya suruali za Mpishi wa hotelini. Viatu haviumi tena.

30 Machi

Doa, lakini lina ukingo. Mwalimu amelitazama kwa lenzi yake ya kusomea akasema kuna mstari mmoja. Mimi nadhani ni nywele.

2 Aprili

Tumepima mabegi kwenye mizani ya bucha. Muuza nyama alitaka kujua ni ya ng'ombe au mbuzi. Langu limezidi. Mwalimu akalifungua mbele ya wateja, akaanza kutoa: pasi ndogo ya mkaa, chupa ya wanga, kamba. Nimekubali pasi na wanga vibaki. Kamba niliitia mfukoni.

Mwalimu hajui kwamba namwangalia anapopanga begi lake. Hupapasa kila kitu, hukiweka mahali pake, hufumba macho na kukitafuta tena. Matone, mfuko wa kulia. Barua ya daktari, nyuma yake. Miwani, kushoto. Amerudia mara sita. Anajifunza begi kwa mikono, kwa ajili ya siku ambayo macho hayatamsaidia. Nilitoka uani nikasimama kwenye mvua kidogo.

7 Aprili

Mistari mitatu. Si nywele.

8 Aprili

Breki amefua mablanketi manne na kuyakamua peke yake. Alikuja kunionyesha mikono, vidole vimekunjamana. "Shemeji, hii kazi wewe umeifanya miaka yote hiyo?" Nikamwambia ndiyo. "Mbona hukuwahi kusema ni ngumu?" Nikamwambia alikuwa amekaa kitini akitazama.

Bado simwelewi. Mtu ambaye hakuwahi kunyanyua ndoo sasa anaamka kabla yangu. Labda anataka kumwonyesha dada yake kwamba ni mtu wa kutegemewa safarini. Viza anayo. Asubuhi nilimkuta akijaribu viatu vyangu vya safari. Alisema anavihamisha visilowe.

15 Aprili

Mistari saba. Mwalimu alihesabu kwa ncha ya penseli, pua yake karibu inagusa ukurasa. Alifurahi kama mwanafunzi wake amefaulu. Napaka mafuta asubuhi na jioni na kuvaa glavu za pamba. Wapita njia wanauliza kama nimekuwa daktari wa meno.

19 Aprili

Mvua. Siku thelathini na tano bila kufua. Mikono inanuka mafuta, moyo unanuka uvivu.

23 Aprili

Mistari kumi na moja. Tumepanda ngazi za posta mara tatu na mabegi. Mwalimu alijikwaa mara moja tu, na ni kwa sababu nilikuwa nikimtazama mlinzi ambaye suruali yake ina mistari miwili ya pasi mguu mmoja. Nimejilaumu. Mkono ukiangalia pembeni si mkono.

27 Aprili

Koti la Mwalimu limefika, la mtumba, sufi nzuri, zito, kola pana. Alilivaa akazunguka sebuleni, akauliza anaonekanaje. Nilimwambia anaonekana kama waziri wa nchi ya baridi. Limemkaa.

Ila bitana ina ukungu. Madoa meusi kuanzia kwapani mpaka pindoni, na harufu ya ghala. Mwalimu hayaoni, yako pembeni. Breki akasema koti la sufi analiogopa, akiliharibu dada atamfukuza.

28 Aprili

Nimefua.

Niandike ilivyokuwa, maana Mwalimu anasema daftari ni kwa ukweli. Asubuhi Mwalimu alikwenda kuchukua matone kliniki na Breki akampeleka. Nikabaki na koti. Nilikaa nalo kwenye kiti cha Breki, nikaliangalia. Nikafikiri: kesho naweka vidole, keshokutwa kazi imekwisha, na mke wangu atakwenda mbele ya watu wa ng'ambo na ukungu kwapani, yeye mke wa dobi. Nikasema nitagusa kidogo tu. Brashi ingechana bitana, ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo nilichanganya dawa ya madoa, kali, ile ninayotumia kwa aproni za bucha, nikatumbukiza vidole, nikafikicha. Glavu nilizivua kwa sababu huwezi kuusikia ukungu ukitoka ukiwa umevaa glavu. Unatakiwa usikie utelezi ukiisha. Kila dobi anajua.

Saa mbili nzima. Ulitoka wote. Bitana ikarudi rangi ya maziwa. Niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Nilikuwa naimba.

Kisha nikajifuta mkono nikaona ngozi inang'aa.

Mwalimu aliporudi alisimama mlangoni. Haoni pembeni lakini pua yake ni nzima. Alilikuta koti limetandazwa mezani, akaligusa bitana, akalinusa. Halafu akanishika mkono wa kulia, akapitisha dole lake gumba juu ya vidole vyangu, kimoja kimoja, taratibu, kama anavyopapasa begi.

"Umefua kwa mkono."

"Lilikuwa na ukungu, Mwalimu."

"Mimi sikuomba koti safi, mzee. Niliomba mkono."

Akaenda chumbani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Bora angefunga kwa nguvu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyeshika ndoo.

29 Aprili

Nyekundu. Vidole vinne tu ndivyo vilivyosomeka, tena kwa kubembelezwa.

Nilimwambia afisa yote, hata habari za koti. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kuna njia moja. Msimamizi wake anaweza kupokea vidole vichache kama kuna barua ya daktari wa ngozi na barua ya mwajiri inayothibitisha kazi iliyovila vidole na muda wake. Mwisho tarehe 4 Mei saa nne asubuhi, baada ya hapo hakuna nafasi kabla ya safari yetu.

"Mwajiri wangu nani?" nikamuuliza. "Mimi nimejiajiri."

"Basi tafuta mtu anayekujua kwa kazi. Asiwe ndugu."

Nyumbani binti akapiga tena. Hakusema kitu juu ya mjomba wake, lakini sote tulikuwa tunalifikiria. Nikaona nilitoe mwenyewe. Nikamwambia Breki mbele ya dada yake: ikishindikana, wewe utakwenda. Kwa sababu Mwalimu lazima aende. Hilo halina mjadala. Ilikuwa kama kumeza sabuni, lakini nilisema.

Breki akanyanyuka kitini. "Shemeji, nani kakwambia mimi nataka barafu? Nikinywa maji ya friji meno yananiuma wiki."

"Siku ile binti aliposema, ulinyamaza."

"Ningesema nini? Ningesema sitaki, dada angeona namkatalia. Ningesema nataka, wewe ungenifukuza. Nikaona afadhali nifue."

Akachukua mfuko wa plastiki na peni ya Mwalimu akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha ya kumwaga.

30 Aprili

Daktari wa ngozi amenipa barua. Ameandika maneno marefu. Kwa mdomo alisema, "Una mikono ya samaki."

Mwalimu bado hasemi nami zaidi ya salamu. Lakini saa kumi na mbili asubuhi alisimama mlangoni na viatu vyake akingoja kiwiko changu. Tulizunguka soko mara mbili.

1 Mei

Breki ametoka tena asubuhi. Kiti kitupu. Nguo nimempa dobi wa mtaa wa pili kwa muda, sijawahi kufikiri nitaliandika hilo.

2 Mei

Mvua. Breki hasemi anakwenda wapi. Karudi amelowa mpaka kwenye soksi.

3 Mei

Jioni Breki aliweka mfuko wa plastiki mezani. Ndani mlikuwa na barua ishirini na saba. Amepita nyumba kwa nyumba akifuata nyuzi. Alifungua daftari langu la nyuzi za kola, uzi wa bluu ni nani, uzi wa njano ni nani, akawafuata wote, hata waliohama.

Mwalimu akaanza kuzisoma kwa lenzi, kwa sauti. Hii ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ya koti. Mpishi wa hotelini: "Ninathibitisha kwamba ananifulia tangu nikiwa na kiuno." Mkunga: "Mikono yake ni mibaya kuitazama lakini shuka zake nimezalishia watoto." Wakili kaandika kurasa mbili, ameapa mara nne, na mwishoni kaongeza kwamba shati la waridi ameanza kulipenda. Na moja, ya mzee mmoja fundi saa, mwandiko wa kutetemeka: "Mtu huyu aliniunguzia suruali ya kijivu miaka kumi na tisa iliyopita na mpaka leo anakana. Lakini dobi ni dobi na ni yeye."

Nilikana. Sasa nakiri hapa daftarini. Pasi ilikuwa na moto mno.

Nilimwomba Breki radhi. Akauliza kwa lipi. Nikamwambia kwa yale niliyoyaandika humu. Akasema, "Usijali, mwandiko wako hausomeki." Kumbe alijaribu.

4 Mei

Msimamizi ni mtu wa miwani minene, kola safi kabisa, nikajua ana mtu anayemjali. Alisoma barua ya daktari, akasoma barua tano, kumi, akafika kwa ile ya fundi saa. Akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Hizi nyingine mtu anaweza kusema ni za kirafiki," akasema. "Hii ya suruali ndiyo imenithibitishia. Hakuna mtu anayetunga lawama ya miaka kumi na tisa ili akusaidie."

Akamwita yule afisa. Vidole vinne vikachukuliwa, sita vikaandikiwa maelezo. Wakati wa kuondoka nilishindwa kujizuia, nikamwambia afisa kwa heshima kwamba kola huanzia kwenye ncha. Alishika kola yake akasema, "Ndiyo maana."

Ngazini Mwalimu alinishika mkono, si kiwiko. Akasema koti ni safi sana. Akasema lingenuka angelichukia njia nzima.

10 Mei

Mvua. Hakuna habari.

16 Mei

Mvua kidogo. Hakuna habari. Mwalimu anasema wakati wa kungoja ni wa kujifunza, amenifundisha kusema "asante", "maji" na "mke wangu haoni pembeni" kwa lugha ya huko.

21 Mei

Hakuna habari. Matembezi mara tatu sasa.

24 Mei

Viza zimetoka. Zote mbili. Mwalimu aliisoma ya kwangu kwa lenzi, jina, tarehe, mpaka namba za chini. Kisha akaweka alama ya vema kwenye orodha, kubwa, akaenda kukaa chumbani peke yake kidogo.

30 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Shuka zimekauka kabla ya saa sita. Breki anazikunja vizuri kuliko nilivyotarajia, pembe kwa pembe. Nimemwambia. Ameduwaa.

7 Juni

Somo la mwisho. Utepe mwekundu kwenye mabegi yote mawili, tusibebe ya wenyewe. Nakala moja kwa Breki. Bima kwenye mkoba. Soksi ndani ya viatu ili zisipoteze nafasi. Mwalimu alikagua begi langu akaikuta kamba. Aliishika muda mrefu.

"Mzee, hii kamba ni ya nini hasa?"

"Sijui. Sijawahi kulala mahali pasipo na kamba."

Akairudisha mwenyewe, akaiandika chini kabisa kwenye orodha, akaweka vema.

9 Juni

Nimempa Breki funguo. Alikuwa amesimama mlangoni, kiti amekiingiza ndani. Jua kali. Tunaondoka.

12 Juni

Tumefika kwenye mto wa barafu. Niseme ukweli: ni mchafu. Nilitegemea weupe wa shuka ya hoteli, nikakuta rangi ya maji ya kusuuzia ya pili, una mchanga, una mawe, una mistari ya tope. Nilimnong'oneza Mwalimu, pole, ni mchafu. Akasema, "Ndivyo unavyotakiwa kuwa. Unabeba mlima mgongoni." Akataka nimweleze pembeni kuna nini, kushoto, kulia, mpaka mwisho. Nilimweleza kila kitu, sikuruka hata jiwe.

Ila hautembei. Tumesimama saa nzima, umekaa tu. Mwalimu alijua, anasema unakwenda polepole mno kwa jicho la mtu, hata jicho zima. Lakini niliona uso wake.

Nikakumbuka kamba.

Mwanamke anayewaongoza wageni hapa, mwenye koti la rangi ya machungwa, Mwalimu alimweleza wazo langu kwa lugha yao ya vitabuni. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Alizungusha msumari mrefu wa chuma ndani ya barafu. Akatuonyesha upande barafu inakoelekea, chini ya bonde, nasi tukachagua jiwe lililo nyuma yake, upande wa juu, jiwe la nchi kavu lisilokwenda popote. Nikafunga kamba kati ya hivyo viwili kwa fundo langu la uani. Nikailegeza kidogo, ukiibonyeza katikati inashuka shubiri moja. Mwalimu aliibonyeza mara tatu, ajue ilivyo. Amesema turudi keshokutwa, tujue kama barafu imeivuta.

13 Juni

Tumepumzika. Soksi nimezifua kwenye sinki. Hakuna pa kuzianika.

14 Juni

Tumerudi. Ukiitazama kamba kwa mbali huoni tofauti. Mwalimu alivua glavu, akaitafuta kwa mkono hewani mpaka akaipata, akaibonyeza. Haikushuka. Akabonyeza kwa mikono miwili. Haikushuka.

"Umeikaza wewe?"

"Sijaigusa, Mwalimu. Naapa kwa kamba zangu sita."

Nikaishika na mimi. Mashine ya ile ofisi ilisema vidole hivi havina kitu, lakini nimekaza kamba miaka thelathini na nane, na najua kamba iliyokazwa na mtu na kamba iliyovutwa na mzigo. Hii ilikuwa imevutwa. Ilikuwa ikitetemeka kidogo, kwa mbali sana, na nikauweka mkono wangu juu ya wake ili tusikie pamoja. Alikuwa analia. Mimi pia.

Baadaye nilimuuliza, kwa sauti ya mtoto wa dawati la nyuma, "Mwalimu, wewe umeuona ukitembea?"

"Nimeushika," akasema.

Kisha akaniambia niandike tarehe na saa. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini asubuhi.